Kamshafti Ilipohamia Juu

Miaka ya 1980, kijana aliyejifunza ufundi katika gereji moja ya Shinyanga mjini aliijua Land Rover kuliko gari lolote. Kamshafti yake ilikaa chini ndani ya bloku, ikizungushwa na cheni na kusukuma valvu kwa fimbo ndefu. Bosi wake alimfundisha kusikiliza: tapeti zikigonga kuliko kawaida, huenda kamshafti imelika. Kamshafti kujamu kulikuwa nadra.

Mgodi wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001, gereji ikazidi kupokea Land Cruiser za dizeli. Katika injini ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, kamshafti iko juu kwenye silinda hedi na huzungushwa na mkanda. Oili lazima ipande hadi huko kwa njia nyembamba. Ikizeeka na kuwa nzito kama uji, njia huziba. Kamshafti hukauka, hupata moto na kung'ang'ania vikalio vyake.

Siku moja kijana yule, sasa fundi, akaletewa Land Cruiser iliyovutwa kutoka Katoro.

“Shikamoo, fundi. Tuisukume, itawaka tu.”

“Marahaba. Usiisukume, mwanangu. Utapinda valvu.”

Alichomoa kijiti cha oili: nyeusi, chini ya alama. Akafungua kava la mkanda, akakuta meno yamenyolewa. Akautoa mkanda, akashika boliti ya krenkishafti kwa spana na kuizungusha kidogo tu, pistoni zisije zikagonga valvu. Ikaenda. Ya kamshafti ikagoma kabisa. Basi ugonjwa ulikuwa juu. Alipolegeza vifuniko vya kamshafti kidogo kidogo, kimoja kilikuwa kimebadilika rangi kwa moto, na tundu lake la oili limeziba kwa masizi.

Leo vijana wake wana kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Kwenye magari mapya kinaweza kuonyesha kwamba kamshafti na krenkishafti hazilingani, lakini hakisemi kama mkanda umeruka meno au kamshafti imejamu. Kwenye 1HZ hakisaidii, kwani pampu yake ya dizeli haiongozwi na kompyuta. Spana bado ndiyo inayotoa jibu.

Wenye magari ya zamani, pimeni oili kila asubuhi, mbadilishe oili na filta kwa wakati. Injini ikigoma kuzunguka, msiisukume. Mwiteni fundi aanzie kwenye mkanda.