Mafua ya Baba na Mafua ya Mama

Mafua hayachagui suruali wala rinda. Mwalimu wetu wa bayolojia alitufunza kuwa huletwa na virusi, aina zaidi ya 200, na kwamba kwa kawaida mtu hupona baada ya siku 7 hadi 10. Lakini njoo kwetu Bungoma mwezi wa Julai, baridi ya Mlima Elgon ikishuka, ujionee mambo.

Baba akipiga chafya mara mbili tu, nyumba nzima hutulia tuli. Redio huzimwa. Mimi hutumwa majani ya mkaratusi, dada hubandika sufuria, naye mzee hufunikwa blanketi ajifukize, akiguna kama aliyebebeshwa gunia la mahindi. Kuku wa kienyeji huchinjwa, na firigisi, bila shaka, ni yake. Halafu huagiza vile vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa. Mwalimu alisema haviui virusi, lakini nani atathubutu kumwambia?

Mama je? Hujifunga leso kichwani, hutafuna tangawizi, akaenda kukamua ng'ombe. Ukimuuliza, husema, "Ni kabaridi tu."

Wahenga walinena kuwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kumbe hawakumjua Mama! Mwaka jana alikificha chake zaidi ya wiki mbili. Nasema alikificha, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikikisikia usiku, nikavuta blanketi masikioni nilale, kwani asubuhi nilikuwa na mtihani. Siku moja akitoka sokoni na mkungu wa ndizi, aliketi kando ya barabara akihema. Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, mimi nimemshika kwa nyuma, joto lake likipenya hadi kwenye sweta yangu ya shule. Daktari alisema ni nimonia. Akalazwa siku 5.

Usiku ule Baba alisonga ugali. Ulikuwa na mabuja chungu nzima, tukaula kimya.

Mama aliporudi, mzee alichinja kuku mwenyewe, kisha akauliza sufuria kubwa huwekwa wapi. Mama alimwonyesha kwa kidole. Tulipopakua, Baba aliitazama ile firigisi, akaisukuma kwenye sahani ya Mama. Mama aliigeuzageuza kwa muda, halafu akaila polepole, bila kumwangalia mtu.