Pedali Zisizo na Vibano

Miongoni mwa istilahi zinazomtaabisha mfasiri, imo moja ya waendesha baiskeli wa mashindano. Waingereza wana pedali zinazoinasa soli ya kiatu, nao huziita kwa jina lenye maana ya "zisizo na vibano". Kinachonasa kitaitwaje kisichobana?

Jawabu limo katika historia. Zamani mwendeshaji aliingiza vidole vya mguu ndani ya kibano cha chuma, kisha akakikaza kwa ukanda wa ngozi. Mguu ulitulia, lakini kuutoa kulitaka ainame aulegeze ukanda kwa mkono. Akiyumba ghafla, huanguka pamoja na baiskeli yake. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kutelezea thelujini, iliuhamishia ufundi huo kwenye pedali. Mwaka 1985 Bernard Hinault alizitumia akashinda Tour de France kwa mara ya 5. Jina basi lataja kilichoondoka, si kilichokuja.

Manufaa yake ni dhahiri. Soli ngumu hulitawanya shinikizo la unyayo, na mguu hautelezi kwa mvua wala kwa mtikiso, hata ukizunguka mara 90 kwa dakika. Wapo wanaosifu nguvu ya kuivuta pedali juu, ila vipimo vya wataalamu katika mwendo wa wastani havikuonesha faida kubwa hapo. Faida yenyewe ni utulivu. Na kutoka ni kukizungusha kisigino upande wa nje tu.

Nasi watu wa vina na mizani tuna la kujifunza. Tangu miaka ya 1970 tunabishana iwapo kanuni za ushairi ni pingu. Mimi naona tuulize kwanza: mfungwa aweza kujifungua mwenyewe? Mizani 8 za utenzi humtuliza mtunzi aliyekwisha kujua njia ya kutoka, asiyeijua humwangusha. Ndiyo maana mwanagenzi wa baiskeli huegemea ukuta, akajifunza kunasua mguu kabla hajaingia barabarani.

Kwa hivyo sikulifuata jina la Kiingereza. Nimeandika "pedali za kunasa na kunasua", kwa kuwa tendo la pili ndilo linalolihalalisha la kwanza.