Maji na msosi: nani katunga hizi sheria?

Nimepotea kidogo, testi zilikuwa zinafuatana kama siafu. Leo nimepata nafasi ya kupumua, na kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu: hii habari ya kunywa maji wakati wa kula.

Najua wote mmeisikia. Ukikaa kafeteria na glasi ya maji pembeni ya wali maharage, hakosi mtu wa kukwambia, "Acha hiyo bwana, unazimua asidi, chakula kitaoza tumboni." Mwingine anakuja na ya maji baridi, eti yanagandisha mafuta ya chipsi kuku. Na kila mtu ana dakika zake: nusu saa kabla, saa mbili baada. Zamani nilikuwa nacheka tu. Mwezi uliopita kicheko kiliisha.

Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha pili, bweni, huko huko kwetu Karagwe. Hizo dakika alizipata kwa wenzake akazishika kama amri kumi. Sasa pigeni hesabu na ratiba ya bweni: uji saa nne asubuhi, ugali saa nane, chakula cha jioni saa kumi na mbili. Toa nusu saa kabla ya kila mlo, toa saa mbili baada. Muda unaobaki mtoto yuko darasani au yuko kwenye usafi. Ikawa siku nyingine inapita na kikombe kimoja tu cha maji. Kichwa kinauma kila jioni, choo kigumu mpaka anaogopa kwenda. Alipopelekwa zahanati, nesi alimuuliza swali moja: "Mwanangu, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?" Dawa aliyopewa ni maji. Basi.

Mama aliponipigia kunisimulia nikaenda kusoma, maana mtu ukishafika chuo nyumbani wanaamini unajua kila kitu. Nilichokuta ni hiki. Tumbo sio ndoo ambayo ukiongeza maji asidi inaisha nguvu. Tumbo lenyewe linatengeneza majimaji yake kama lita 2 kwa siku, na linaongeza asidi kadiri chakula kinavyoingia. Glasi ya maji inapunguza ukali kwa dakika chache tu, halafu mambo yanarudi kama kawaida. Maji hayakai sana, yanateremka kwenye utumbo mapema kuliko chakula kigumu. Ukijumlisha mate, majimaji ya tumbo, nyongo na vingine pamoja na unachokunywa, utumbo unapokea kama lita 8 au 9 kwa siku, na karibu yote yanarudishwa mwilini. Glasi yako moja ni nini hapo? Tena hata hiyo sahani ya ndizi na maharage, zaidi ya nusu yake ni maji tayari. Na maji baridi yanapata joto la mwili muda mfupi tu baada ya kumezwa, kwa hiyo mafuta hayapati nafasi ya kuganda.

Sisemi kwamba haina tofauti kabisa. Mwenye kiungulia akijaza tumbo chakula na maji mengi kwa mkupuo, atakiona cha moto, bora anywe kidogo kidogo. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo afuate alichoambiwa na daktari wake. Na kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, watu wazima wenye uzito mkubwa walikunywa nusu lita ya maji kabla ya mlo kwa wiki 12, wakapungua kama kilo 2 zaidi ya wenzao waliokula chakula kile kile cha kupunguza uzito bila hayo maji. Maji yanashibisha, ndo siri yake.

Na hapo ndipo nikamkumbuka bibi yangu, Bweranyange. Kwa bibi hakuna kugusa kikombe mpaka sahani iishe. Siku moja nilimuuliza, "Bibi, kwani maji yanaharibu chakula?" Akanicheka. "Mume wangu, mtoto akijaza maji ataacha chakula, usiku ataniamsha kwamba ana njaa. Halafu hayo maji nani kayapandisha mlima?" Wanaopajua kwetu wanaelewa: nyumba ziko juu, maji yako bondeni, na ndoo inapanda kichwani. Sheria ya bibi haikuwa na asidi ndani yake. Ilikuwa inalinda vitu viwili, shibe ya mtoto na mgongo wa aliyechota.

Wala sheria za namna hii sio ngeni kwetu. Bweranyange ndo palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanyika, na kitabu chake kilitoka 1863. Humo analalamika kwamba tangu aingie Karagwe hapati hata tone la maziwa, kwa pesa wala kwa kubembeleza. Wafugaji waliamini kwamba mtu aliyekula kuku, samaki au maharage akinywa maziwa yao, ng'ombe wataangamia. Alipomuuliza Rumanyika, akajibiwa hayo ni mawazo ya watu wa chini, akatengewa ng'ombe wake. Oneni hapo: sheria ya kinywaji na chakula, lakini anayelindwa ni ng'ombe, wala sio tumbo la mlaji.

Kwa hiyo mimi sasa nikisikia sheria ya chakula nauliza kwanza: inamlinda nani? Ya bibi ina jibu. Hii ya nusu saa kabla na saa mbili baada sijaona inamlinda nani, ila nimeona aliyeumia.

Na kama mnataka kinywaji cha kuangalia karibu na mlo, ni chai na kahawa. Jaribio moja la mwaka 1983 lilionyesha kikombe cha kahawa pamoja na mlo kinapunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikupunguza kitu. Sisi tunaokula maharage kila siku, na dada zetu wanaopungukiwa damu, hilo ndo la kupeana habari. Ila hakuna anayelisambaza, labda kwa sababu Karagwe kahawa ndo ada.

Mdogo wangu yuko salama. Siku hizi anabeba chupa yake ya maji yaliyochemshwa mpaka mezani. Yaliyochemshwa, nasisitiza, maana maji machafu yanaumiza tumbo hata uyanywe saa ngapi.

Haya, ngoja nikimbie, nina kipindi Nkrumah saa nane. Mwenye sheria nyingine ya kwao anitumie, hasa kama bibi yake alimwambia na sababu.