Shati la Kaka na Vifungo vya Mshipi



Mwezi uliopita nyumbani kwetu tulikuwa na harusi. Wengi wenu mlifika, mkala wali wetu, mkacheza, tunashukuru sana. Baada ya harusi watu kama watano hivi wamenisimamisha bombani wakiniuliza swali moja: "Mzee, lile shati ulilovaa, mikono yake uliifungaje?" Nikasema basi, badala ya kumjibu mmoja mmoja, niandike hapa kwenye jarida letu. Lakini shati lenyewe lina habari yake, na siwezi kueleza vifungo nikaiacha habari.

Mimi ni mtu wa Afungi, wilaya ya Palma, kule juu kabisa Cabo Delgado. Kijiji chetu ni Quitupo. Tulikuwa wavuvi na wakulima wa minazi na mihogo. Mwaka 2010 ikagunduliwa gesi baharini, na baada ya hapo ikaanza mikutano. Mikutano juu ya mikutano! Wanakuja wageni na magari, tunakaa chini ya mwembe, wanatandika ramani. Kaka yangu, kwa kuwa alisoma kidogo na Kireno anakijua, alichaguliwa kuwa mmoja wa wasemaji wetu.

Kaka akasema hawezi kukaa mbele ya watu wenye mashati yaliyonyooka huku yeye amevaa fulana ya mpira. Akaenda mjini Palma, kwenye marobota ya mitumba. Sisi Msumbiji mitumba tunaiita "calamidade", yaani maafa. Wasiojua huona jina la ajabu, lakini lina asili yake. Miaka ya 1980, wakati wa vita na ukame, nguo za msaada zilikuwa zinakuja pamoja na chakula kwa ajili ya watu waliopatwa na maafa, na jina likabaki hata zilipoanza kuuzwa sokoni. Kwa hiyo kaka akanunua shati la maafa, jeupe, zito, zuri, bila doa. Alipofika nyumbani akalivaa, kumbe mikono inamfika kwenye vidole! Tena haina kifungo hata kimoja. Kuna matundu tu, manne kila mkono.

Alilivaa hivyohivyo mkutanoni. Alipoinua mkono kuomba kusema, mkono wa shati ukafunguka ukaning'inia kama bawa la bata. Watu wakacheka mpaka wageni wakacheka. Kaka hakukasirika. Mkutano ulipokwisha, mkalimani mmoja akamwita pembeni akamwonesha shati lake mwenyewe, likiwa na mikono ya namna hiyohiyo imekunjwa na kushikwa na vifungo viwili vya fedha. Akamwambia Wareno wanaita "punho duplo", punho la kukunja mara mbili. Vile vifungo havishonwi, vinachomekwa, na mtu huvinunua mbali.

Mbali wapi, na Palma ile? Kaka akachukua vifungo vinne vya koti kuukuu la baba, akatafuta vile vinavyong'aa kama chaza, akaviunganisha viwiliwili kwa mshipi wa kuvulia samaki. Basi! Akawa na jozi yake. Toka siku hiyo alipokuwa akiinua mkono mkutanoni hakuna aliyecheka. Shati halikubadili yaliyoamuliwa, nisiwadanganye. Mwaka 2019 tulianza kuhamishwa, tukapelekwa Quitunda kwenye nyumba mpya. Lakini mzee aliyesimama kutusemea alisimama amevaa vizuri, na sisi tuliokaa chini tuliona kwamba na sisi ni watu.

Tarehe 24 Machi 2021 kaka alikwenda mjini Palma asubuhi kwa shughuli zake. Alasiri mji ukashambuliwa. Simu zikakatika. Yaliyofuata mnayajua, kila mmoja wenu ana yake, sitayarudia. Watu walikimbilia upande wetu kwa maelfu, wengine wakapita porini, wengine wakaelekea mto Ruvuma. Sisi baadaye tulipata boti mpaka Pemba, tukashuka pwani ya Paquitequete, na safari ikatuleta huku Nampula. Kaka hatujamwona mpaka leo. Hatujaoneshwa kaburi, wala hakuna aliyesema alimwona ameanguka.

Shati lilikuwa limefuliwa siku hiyo, liko kwenye kamba. Shemeji yangu alipokuwa anakusanya vitu vya watoto alilivuta pamoja na kanga zake. Alikuja kuliona Pemba. Kwenye punho moja kulikuwa na kifungo kimoja cha mshipi. Cha pili kilipotea.

Sasa binti yake wa kwanza akaposwa. Mtoto wa kaka ni mtoto wangu, ananiita baba mdogo. Kijana ni mzuri, kazi anafanya, familia yake tunaifahamu. Shekhe akatuambia suala la nani aozeshe wakati baba hajulikani alipo atalibeba yeye kwa mujibu wa sheria, tusiwe na wasiwasi. Lakini kukaa upande wa baba, kupokea wageni, kupokea mkono wa bwana harusi, hapo nikae mimi.

Nguo yangu ya maana ilikuwa koti tu na msuli. Shati sikuwa nalo. Nikamwomba shemeji lile la kaka. Hakunijibu. Siku ya pili nikaomba tena, akasema, "Shemeji, nguo za mtu hugawiwa akishazikwa. Wewe umemzika lini?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilirudi kwangu nikakaa. Kweli, nikilivaa lile shati mbele ya watu, nikakaa mahali pake, si kama natangaza kwamba hayupo? Na nisipolivaa, binti ataolewa na nafasi ya baba yake tupu? Nilimwambia mke wangu nitaazima shati popote, yaishe.

Binti mwenyewe ndiye aliyemaliza maneno. Alimwambia mama yake, "Mama, nataka siku hiyo nimwone baba, hata kama ni mikono yake tu." Jioni shemeji akaja na shati limekunjwa kwenye kanga. Akasema, "Ni la kuazima, shemeji. Akirudi utamrudishia limefuliwa na kupigwa pasi." Nikasema sawa.

Mimi kwa ujinga wangu nikalipeleka kwa fundi cherehani akate yale mapunho marefu, ashone kifungo cha kawaida. Fundi wetu ni Mkongo wa Bukavu, mnamjua, kijana wa zamani aliyewahi kuwa mpenzi mkubwa wa mambo ya La Sape, wale waungwana wa Brazzaville na Kinshasa ambao Papa Wemba, aliyefariki 2016, aliwapa sifa dunia nzima. Alipoona mkasi umesogea karibu na lile shati akapiga kelele, "Muzee, usikate! Hii ni poignet mousquetaire!" Kumbe wapo wasemaji wa Kiingereza wanaoliita punho la Kifaransa, na Wafaransa wenyewe huliita la askari wa bunduki wa zamani. Kila mtu anampa mwenzake.

Yeye ndiye aliyenifundisha, na mimi nawapa kama nilivyopewa:

Kwanza, fua shati, kisha lichovye maji ya wanga wa muhogo mepesi. Yakiwa mazito shati litakuwa kama turubai. Pasi ya mkaa ipigwe punho likiwa limefunguliwa lote, ndani halafu nje. Pangusa pasi kwanza kwenye kitambaa cha zamani, jivu lisikutie aibu.

Pili, likunje punho katikati kwenda nyuma, likae safu mbili. Usiligandamize mkunjo kwa pasi, kwani nguo huchanika hapohapo kwenye mkunjo kabla ya pengine pote.

Tatu, usilifunge kwa kupandisha upande mmoja juu ya mwingine kama shati la kawaida. Kutanisha ncha mbili, ndani kwa ndani, kama viganja viwili vilivyokutana. Matundu manne yatakuwa kwenye mstari mmoja. Chomeka kifungo kipite yote manne, uso mzuri wa kifungo ukae nje, upande watu wanaouona mkono wako ukining'inia.

Nne, punho liishie pale kiganja kinapoanza. Ukivaa koti, shati lichungulie kiasi cha upana wa kidole kimoja, si zaidi. Fundi anasema likichungulia kidogo wewe ni bwana, likichungulia sana wewe ni tangazo la biashara.

Tano, kama huna vifungo vya dukani, tengeneza. Vifungo viwili vya koti, uzi imara au mshipi, acha nafasi kidogo katikati, unene wa safu nne za nguo. Wala usione haya. Huko Ulaya matajiri huvaa hata vifundo vya nyuzi tupu, na huvinunua kwa pesa.

Kile kimoja cha kaka kilikuwepo. Cha pili nilikitengeneza mwenyewe, vifungo nilipewa na fundi, mshipi nikapewa na mtu wa kwetu anayevua mtoni. Havifanani. Cha kaka kinang'aa, changu ni cheusi. Nikavaa cha kaka mkono wa kulia, mkono wa kupokelea watu. Waliouliza kwa nini havifanani, ndiyo hiyo sababu.

Bwana harusi aliponishika mkono, binti alikuwa anaangalia kutoka upande wa wanawake. Nilimwona. Hakulia, alicheka. Shemeji ndiye aliyelia, lakini baadaye alikula wali, nikajua yamepita.

Wengine wataniuliza, vifungo vya shati vina maana gani kwa watu wanaongoja mgao? Na mimi nilikuwa nafikiri hivyo. Tena sisi wa Cabo Delgado kwa karatasi si wakimbizi kama nyinyi wa Kongo na Burundi, sisi tumehamishwa ndani ya nchi yetu, lakini foleni ya bombani haituulizi karatasi. Kila siku tunahesabiwa vichwa, tunahesabiwa ndoo, tunahesabiwa mikeka. Siku ile, nikiwa nimevaa shati la maafa lililopigwa pasi, hakuna aliyenihesabu. Niliitwa baba.

Novemba 2025 tulisikia mradi wa Afungi umetangaza kufungua tena kazi, na tangu hapo maneno ya kurudi ni mengi. Wengine wamekwisha kurudi. Sisi nyumbani bado tunashauriana. Nikienda, nitakwenda kwanza kuuliza habari za kaka, nyumba kwa nyumba, Palma mpaka Quitunda. Kazi baadaye.

Shati nimelirudisha kwa shemeji. Nimelifua mwenyewe, nimelipiga pasi mwenyewe, na vifungo vyote viwili vimo. Liko ndani ya kanga, linamngoja mwenyewe.

Mwenye harusi karibu na anataka kufundishwa kukunja punho, nyumba yangu mnaijua. Aje na wanga wake.