Kadi ya Nol na Sanduku la Bi Harusi



Kila tukitaja safari ya Dubai tunaulizwa yale yale: dhahabu tununue wapi, mabuibui wapi, udi wa kweli wapi. Mtazungukaje, hilo haliulizwi. Sisi tunaona ndilo swali la kwanza, maana kule mwenye gari ndiye anayekuchagulia duka.

Mnajua wenyewe mambo yanavyokwenda. Harusi ikikaribia, familia inatuma wanawake wawili watatu kwenda kutafuta vitu vya sanduku. Wakifika wanapokewa na mtu aliyepatikana kwa simu, jamaa wa jirani, anazungumza Kiswahili kizuri, mpole, anawaita mama na dada. Anawazungusha kwa gari lake. Duka la kwanza la rafiki yake, la pili la rafiki yake, na la tatu hali kadhalika. Jua linazama, miguu imechoka, mnanunua. Hakuna aliyelazimishwa, lakini hakuna aliyechagua pia.

Safari hii tulikuwa wanawake watatu, sisi wawili na mama mdogo wetu, pamoja na kaka yetu aliyekuja kutafuta vipuri vya gari. Bi harusi wetu alitukabidhi mahari yake tumnunulie kidani, bangili na herini, kiasi cha gramu 60. Mahari ni haki yake peke yake, si ya baba wala ya shangazi. Kwa hiyo tangu uwanja wa ndege wa Unguja tulikuwa tunahesabu kila kitu kama watu waliobeba amana, ndivyo ilivyokuwa.

Tulipofika tu, kabla hata ya kununua laini ya simu, tulikwenda kwenye dirisha la stesheni ya treni pale pale uwanjani tukanunua kadi za Nol. Nol ndiyo kadi ya usafiri ya Dubai, ilianza pamoja na treni yao ya metro mwaka 2009. Moja ile ile inafanya kazi kwenye treni, basi na tramu. Ipo tiketi nyekundu ya karatasi, ya mpita njia: dirham 2 mbali na nauli, na nauli yake iko juu kidogo. Ipo ya fedha, ambayo tunawashauri: dirham 25, ndani yake mna salio la dirham 19, na inadumu miaka 5. Na ipo ya dhahabu, ya kukaa kwenye behewa la heshima, nauli mara mbili. Msidanganyike na jina mkadhani bi harusi anastahiki ya dhahabu. Hiyo tofauti mnunulieni udi.

Kila mtu awe na yake. Huwezi kupita getini, ukampa mwenzako nyuma naye apite na hiyo hiyo. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi. Unaigusisha ukiingia na unaigusisha ukitoka, na hapo mashine inakata kwa mujibu wa kanda ulizopita. Jiji limegawanywa kanda 7. Ukibaki ndani ya kanda moja ni dirham 3, kanda mbili dirham 5, zaidi ya hapo dirham 7 na nusu. Kutoka uwanja wa ndege hadi Deira tulikofikia ilikuwa dirham 3 tu, na masanduku yetu tukayapanda nayo, maana kila abiria anaruhusiwa sanduku moja kubwa na moja dogo. Kwenye basi msisahau kugusisha wakati wa kushuka, vinginevyo mnakatwa nauli kubwa. Fedha taslimu dereva wa basi hapokei, hata ukimwonesha.

Kuongeza salio ni rahisi. Mashine za stesheni zinasema Kiarabu na Kiingereza, unaweka kadi mahali pake, unatia noti, basi. Mama mdogo, ambaye simu yake mpaka leo tunamtilia vocha sisi, siku ya pili alikuwa anatutangulia mashineni. Ila msiliache salio likashuka chini ya dirham 15, kwa sababu hamtaki kukwama getini na mifuko mikononi, foleni ya watu wa kazi iko nyuma yenu.

Sasa tuwaelezeni behewa la wanawake na watoto, kwani kwetu sisi wenye stara zetu hili ni jambo kubwa. Alama yake ya rangi ya waridi iko chini na juu ya mlango pale unaposubiri treni. Mwanamume akiingia anatozwa faini ya dirham 100, na tuliona mlinzi akiwatoa wawili kwa adabu. Humo ndani kuna wauguzi wa Kifilipino wamesinzia, wanafunzi wa Kihindi na vitabu vyao, wenye nikabu, wasio na mtandio, mama anayenyonyesha chini ya shela. Mtu hakusukumi kwa bega. Ukizoea daladala ya Darajani saa kumi na moja jioni, pale unapoinuliwa pamoja na kikapu chako, unaweza kukaa ukatamani treni isifike. Kaka yetu yeye alipanda mabehewa ya kawaida, amesimama, akitupigia simu kila stesheni mbili kuuliza kama tumo. Tumo, kaka, tumekaa.

Jambo moja la kutahadhari: ndani ya treni na stesheni hairuhusiwi kula, kunywa wala kutafuna ubani wa mpira, nako kuna faini. Siku ya sunna ya Alkhamisi mama mdogo alikuwa amefunga na Magharibi ikatukuta njiani. Tulishuka stesheni iliyofuata, tukatoka nje ya geti, akafuturu tende zake kwa utulivu. Hiyo ni faida nyengine ya kuzunguka wenyewe, mnashuka mnapotaka. Ndani ya gari la mtu unaona haya kusema simamisha tuswali, khasa akiwa yeye mwenyewe haonekani kuwa na haraka nayo.

Kuhusu swala, liko jambo lililotusaidia. Ukishuka basi ukaingia treni ndani ya dakika 30, mashine inahesabu kuwa ni safari moja, haikukati upya. Siku tuliyotoka Satwa kutafuta vitambaa tulishuka basi Al Ghubaiba, udhu tunao, tukaswali Alasiri rakaa mbili za msafiri, tukaingia getini na muda bado upo. Muda wa kupunguza swala ukiwa safarini una maelezo yake, muulizeni ustadhi wenu kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi.

Turudi kwenye dhahabu. Yule bwana wa gari tulikuwa naye pia. Jamaa mmoja wa nyumbani alimpigia simu bila kutuuliza, naye akaja hotelini asubuhi ya pili. Bei yake dirham 300 kwa siku. Siku ile alisema ni salamu tu, hatulipi kitu, twendeni akatuoneshe duka moja zuri. Kukataa salamu ni utovu wa adabu, tukaenda.

Dukani tulikaribishwa kwa chai ya maziwa. Nyinyi mnaokwenda mara ya kwanza jueni hivi: bei ya dhahabu yenyewe kwa gramu inatangazwa, imebandikwa kila duka, haina mjadala mkubwa. Mjadala uko kwenye ujira wa fundi. Hapo ndipo mnapoliwa au mnaposalimika. Muuzaji alitaka dirham 28 kwa gramu kwa kidani tulichokipenda. Mama mdogo akanywa chai yake yote, akaweka kikombe, akasema tunashukuru, tutazunguka kidogo.

Yule bwana akatuvuta pembeni. "Mama, kwengine mtapotea. Na mimi mchana nina shughuli, sitaweza kuwapeleka."

"Hapana tabu mwanangu," mama mdogo akamjibu, "nenda kwenye shughuli zako, Mungu akubariki. Sisi tuna kadi."

Akaitoa mkobani akamwonesha, kama mtu anayeonesha pasi ya kusafiria. Tulipofika mlangoni muuzaji alikuwa ameshashuka hadi 22. Tukatoka.

Hatukununua siku ile wala siku iliyofuata. Tulikwenda Dubai Mall kutazama mitindo tu, dirham 5 kwenda na 5 kurudi kwa kila mmoja. Tulivuka hori kwa abra, mashua ile ya dirham 1 ambayo unalipa mkononi, tukaingia Meena Bazaar upande wa Bur Dubai na kuuliza maduka sita. Jioni tukakaa na daftari kitandani, tukaandika duka, ujira, uzito. Siku ya tano tukarudi Meena Bazaar kwa muuzaji wa Kihindi aliyetuwekea ujira wa dirham 14 kwa gramu, karati 22, risiti imeandikwa kila kitu mbali mbali. Kwa gramu 60 tofauti na bei ya kwanza ni dirham 840. Hizo ni za bi harusi. Zilimtosha kununua seti ya vyombo ambayo alikuwa ameshakata tamaa nayo.

Sisi hatusemi kila mwenye gari ni mwizi. Wako wanaoishi kwa halali yao na wanawahudumia wageni kwa moyo, na mwenye mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea gari anahitaji, stesheni nyengine zina mwendo mrefu wa kwenda kwa miguu. Ila mkichukua gari, lipeni gari kamili, lisiwe la bure. La bure mnalilipia dukani.

Hesabu yetu ya siku sita hii hapa. Kila kadi tuliinunua kwa dirham 25, tukaongeza 45. Jumla kwa sisi watatu dirham 210. Kaka alijilipia mwenyewe. Siku ya kuondoka kila kadi ilibakiwa na dirham 15, yaani 45 zote pamoja, na fedha za njiani nazo zilikuwa za bi harusi. Watu wa hotelini walituambia tuzimalize, kuna maduka yanapokea Nol na hata bustani za jiji unaingilia hiyo hiyo. Mama mdogo akakataa. Alisema hatuli juisi kwa salio la mtu.

Tulipofika nyumbani tulimpa bi harusi dhahabu, risiti, daftari na kadi tatu, tukamwambia ndani yake mna dirham zako 45, ukitaka tukulipe kwa shilingi. Alicheka mpaka machozi. Akasema anasamehe, kadi ziwe za kila binti wa ukoo atakayetumwa au atakayetuma. Sasa zimo kwenye bahasha kabatini kwa mama mdogo, pamoja na karatasi yenye majina ya stesheni. Baada ya Idi anaondoka binamu yetu mmoja na mama yake. Ameshakuja kuzichukua mbili, na ameambiwa akirudi azirudishe na salio si chini ya lile alilolikuta.