Fadhila, Hisani na Haki

Katika mji wetu wa Segese neno moja limemeza mengine yote, nalo ni "msaada". Mtoto akimchotea maji bibi jirani, ametoa msaada. Tajiri wa machimbo akichimbisha kisima, ametoa msaada. Hata mtu akimlipa kibarua ujira aliomzuilia tangu mwezi uliopita, husimama barazani akadai ati amemsaidia. Sisi tufundishao watoto twaiona hasara yake, kwani mtoto akikua hajui kutenga deni na zawadi.

Kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu sasa hushughulika na magari yaliyotumika yatokayo Japani, ambayo baadhi yake hupita hapa yakiwa bado na maandishi ya kwao ubavuni. Kwa ajili ya kazi hiyo amejifunza Kijapani. Tulimwuliza Wajapani husemaje watajapo matendo mema, naye akatuambia kuwa jibu si neno moja.

Liko neno la vitabuni, zenko. Huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ni wema, na ya pili ndiyo hiyo hiyo iandikwayo kwa maana ya kwenda. Jambo hili lilitupendeza sana, kwani na sisi twasema "mwenendo", na asili yake ni kwenda. Liko neno la njiani na nyumbani, shinsetsu, yaani upole wa mtu kwa mtu, kama kumfikisha mgeni anakokwenda. Alama yake ya kwanza ndiyo iandikwayo mzazi. Intoku ni wema ufanywao kwa siri. On ni fadhila uliyotendewa, nayo hukaa shingoni kama deni mpaka uirudishe. Na giri ni lile likupasalo, upende usipende.

Hapana shaka msomaji atauliza, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwa kuwa mtaalamu wa Kijapani, Toshihiko Izutsu, aliyeitafsiri Qurani kwa lugha yake katika miaka ya 1957 na 1958, aliandika pia kitabu kizima juu ya maneno ya Qurani yahusuyo mema na maovu, akilipima kila neno mahali pake. Hakuwa Mwislamu. Baada yake Mwislamu wa huko, Umar Mita, alitoa tafsiri yake mwaka 1972, miaka mitatu tu baada ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy kututolea Qurani Takatifu kwa Kiswahili. Wote walikutana na mzigo mmoja: Kiarabu cha Qurani kina salihati, birri, ihsani, khairi na maarufu, wala hayo si kitu kimoja. (Hilo la mwisho sisi tumelipa maana ya mtu ajulikanaye sana, hata mwizi akaweza kuitwa maarufu!) Na aya ya 177 ya Suratul Baqara yaeleza kuwa birri si kuelekeza uso upande huu au ule tu, imo imani, imo sala, imo mali apewayo jamaa, yatima na msafiri, na imo ahadi itimizwayo.

Haya si mambo ya wanavyuoni peke yao. Miaka michache iliyopita kijana mchimbaji aliangukiwa na kifusi ndani ya duara, akafa. Hakuwa na jamaa hapa. Wenzake walijua jina lake, na ya kuwa ni Mwislamu. Msikitini pakasemwa, "Tumchangie msaada." Tukasimama tukasema: La, ndugu zetu. Kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa ni haki yake juu yetu; ni faradhi ya kifaya, na tukimwacha sote tuna dhambi. Siku mbili zilizokwisha za kazi yake nazo ni deni la mwenye duara, si sadaka. Mwenye duara hakufurahi kulisikia hilo mbele za watu, lakini alilipa.

Walioshika majembe kuchimba kaburi, wengi wao walikuwa vijana wa Kisukuma wasio wa dini yetu. Faradhi ile haikuwa juu yao, wala hakuna aliyewaita. Hiyo ndiyo hisani. Na yuko mtu aliyepiga simu huku na huku majuma matatu, kwa fedha yake, mpaka akampata baba wa marehemu mkoa wa mbali. Alituomba tusimtaje, nasi hatumtaji.

Mzee yule alipofika alikuwa na fedha alizozifunga katika kitambaa. Akauliza, "Walimu wangu, nimlipe nani?" Tukamwambia kwa kaburi hadaiwi na mtu, tukamkabidhi ujira wa mwanawe. Alinyamaza kitambo, kisha akataka aonyeshwe wale vijana waliochimba. Walikuwa kisimani. Akawashika mikono mmoja mmoja, akatuuliza Kisukuma cha ahsante ni kipi.

"Wabeja," tukamwambia.

Akarudi kuanzia kwa yule wa kwanza.