Ukuta Usio na Msumari

Mwaka wa kwanza, siku ya kujitambulisha, nilisema baba yangu ana biashara ya samani. Si uongo mkubwa. Baba ni seremala, ana kibanda kando ya barabara, na vitanda anavyotengeneza huviuza mwenyewe. Lakini najua kwa nini nililisema vile.

Muhula uliopita, kwenye somo la sanaa na elimu, kila kikundi kiliokota karatasi yenye mada. Sisi tukaangukia mahekalu ya Himachal Pradesh, jimbo la milimani kaskazini mwa India, kwenye safu za Himalaya. Wenzetu walipata Tingatinga na vinyago, basi tulilalamika weee! Mimi nikapewa sehemu ya ujenzi.

Nilianza na hekalu la Hidimba pale Manali, la mwaka 1553. Limesimama katikati ya msitu wa mierezi, paa zake zimepandana ngazi nne, na mlango wake wa mbao umejaa michoro ya kuchonga. Hapo hakuna taabu, unaona picha unaelewa. Taabu ilikuwa aina ya ukuta wa huko uitwao kath-kuni: safu ya mbao, safu ya mawe, safu ya mbao, mpaka juu. Saruji hakuna, na msumari hauhitajiki. Nilisoma kurasa tatu, sikuelewa unasimamaje.

Usiku nikamtumia baba picha ya hekalu la Bhimakali, lililopo Sarahan, lenye minara ya ujenzi huo. Akapiga hapo hapo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, hii kazi kafanya nani?"

Nikamwambia ni mafundi wa zamani wa India.

"Usiangalie ukuta. Angalia kona."

Akanieleza taratibu. Kila safu ina boriti mbili, moja nje na moja ndani, na katikati panajazwa mawe. Kwenye kona, boriti za ukuta huu zinalala juu ya zile za ukuta ule, zinapishana kama vidole. Vipande vifupi vya mbao vinazifunga ya nje na ya ndani zisiachane, na paa zito linakandamiza vyote. "Huu ukitikiswa unacheza kidogo, unarudi," akasema. "Wa saruji haujui kucheza. Unapasuka."

Baadaye nikakuta jina lenyewe linasema hivyo: kath ni mbao, na kuni, si hizi zetu za kupikia, ni kona. Nikakuta pia kwamba tarehe 4 Aprili 1905 tetemeko la Kangra liliua watu wapatao 20,000 na kubomoa nyumba na mahekalu. Mnara mmoja wa Bhimakali, husimuliwa, uliinama tu. Baba hakujua habari ya tetemeko hilo. Aliishia darasa la saba. Aliona kona.

Leo mierezi ya kule hailkatwi ovyo, mbao ni ghali, na vijiji vingi vinahamia kwenye zege. Mafundi waliojifunza kwa kushika patasi pembeni ya baba zao wanapungua.

Siku ya wasilisho nikaeleza ile kona mpaka darasa likanyamaza. Mhadhiri akauliza, "Hii umeipata wapi?"

"Intaneti, Dokta."

Tukapata alama nzuri.

Hapa chuoni tunafundishwa kutaja chanzo cha kila tunachoandika. Ukikosea hata mwaka wa kitabu unakatwa alama. Mimi niliacha chanzo kizima, mbele ya watu arobaini, na mimi ndiye ninayesomea ualimu.

Juzi baba akapiga. "Mwalimu wenu aliipenda?"

"Sana, baba."

"Ulimwambia ni mimi?"

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Gazeti hili nitampelekea likizo, nimsomee mwenyewe.